Jinsi nilivyochagua rashio ya difu kwa pikapu iliyoinuliwa, yenye matairi ya inchi 35

Ukiinua gari na kulifunga matairi makubwa bila kugusa difu (gia za kwenye ekseli zinazozungusha magurudumu), mzigo wote unaangukia injini na giaboksi. Pikapu ninayoizungumzia ina injini ya petroli ya V6 na giaboksi ya otomatiki yenye ovadraivu ya 0.70, yaani gia ya juu ambayo injini huzunguka mara 0.70 tu kwa kila mzunguko wa propela (shafti inayopeleka nguvu kwenye difu). Ilitoka kiwandani na rashio ya difu ya 3.73, yaani propela huzunguka mara 3.73 tairi likizunguka mara moja, na matairi ya 265/70R17. Baada ya kufungwa matairi ya 35x12.50R17, ovadraivu haikukaa tena: inaingia, gari linakuta mwinuko mdogo, giaboksi inashusha gia, halafu inapandisha tena. Kila mara loki ya torki konvata (kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi) inaachia, na oili ya giaboksi inachemka. Giaboksi nyingi za magari ya namna hii hufa kwa joto hilo.

Hesabu nilianza na tairi lenyewe, kwa sababu namba iliyoandikwa ubavuni haitoshi. Tairi la 265/70R17 lina kipenyo cha karatasi cha mm 803, na la inchi 35 ni mm 889. Lakini tairi likibeba gari hubonyea, hivyo njia linayotembea kwa mzunguko mmoja ni fupi kuliko kipenyo hicho kinavyodai, kwa kawaida kama asilimia 3. Nilijaza upepo ninaotumia barabarani, nikapiga alama ya chaki kwenye tairi na sakafuni, nikasukuma gari mizunguko mitano kamili kwa mstari ulionyooka, nikapima urefu na kuugawa kwa tano. Ilitoka mita 2.71 kwa mzunguko. Gawa kwa 3.1416 unapata kipenyo cha kazi: mita 0.863. Hiyo ndiyo namba inayoingia kwenye hesabu. Anayetumia 0.889 atajikuta na mizunguko ya injini tofauti na aliyoipanga, na atamlaumu fundi bure.

Kisha hakikisha rashio uliyonayo sasa. Usiamini maneno ya muuzaji, maana difu hubadilishwa. Kwa difu isiyo na loki, inua tairi moja la nyuma, lingine libaki chini likiwa limewekewa vigingi mbele na nyuma, gia iwe nyutro. Zungusha tairi la hewani mara mbili kamili (mizunguko miwili ya tairi moja ni sawa na mmoja wa yote mawili) huku mtu mwingine akihesabu mizunguko ya propela. Ikizunguka karibu mara tatu na robo tatu, una 3.73, ikizidi nne kidogo, ni 4.10. Jibu la uhakika zaidi liko ndani: kwenye ukingo wa kraunwili, gia kubwa ya duara ya difu, hugongwa idadi ya meno yake na ya pinioni, gia ndogo inayoizungusha, kwa mfano 41 na 11, na 41 ukigawa kwa 11 ni 3.73.

Hesabu ya kurudisha gari lilivyokuwa ni rahisi. Zidisha rashio ya zamani kwa kipenyo kipya, gawa kwa cha zamani: 3.73 × 889 ÷ 803 = 4.13. Hapa vipenyo vya karatasi vinatosha, kwa kuwa matairi yote mawili hubonyea kwa kiasi kinachokaribiana. Kwa hiyo 4.10 inakurudisha karibu kabisa na kiwandani, na wengi huishia hapo. Mimi naichukulia 4.10 kuwa sakafu, si jibu. Fomula hiyo inajua kipenyo tu. Haijui kwamba tairi na rimu mpya ni nzito zaidi na uzito wake uko mbali na kitovu, mahali panapoisumbua injini zaidi kila unapoondoka. Haijui pia kwamba gari limeinuka na linasukuma upepo mwingi zaidi, wala kwamba mbele kuna bampa la chuma na winchi. Gari hili la sasa si lile la kiwandani, na kulirudishia rashio ya kiwandani ni kulipa nusu ya deni.

Ndiyo maana nilipanga kwa mizunguko ya injini. Fomula ninayotumia ni hii: kasi kwa kilomita kwa saa × rashio ya difu × rashio ya gia × 5.305, kisha gawa kwa kipenyo cha kazi kwa mita. Kwa kilomita 110 kwa saa kwenye ovadraivu ya 0.70, gari la kiwandani lilikuwa linazunguka karibu 1,960 kwa dakika. Kwa tairi la 0.863 picha inakuwa hivi: 3.73 inatoa 1,770, 4.10 inatoa 1,940, 4.56 inatoa 2,160, 4.88 inatoa 2,310, 5.13 inatoa 2,430.

Injini ya petroli isiyo na tabo hupata nguvu juu, kwa hiyo 1,940 ni chini mno kwa gari zito lenye uso mpana. Nilibaki na 4.56 na 4.88. Kwa manyuali, au kwa dizeli yenye tabo ambayo torki yake huja mapema, ningechukua 4.56 bila kusita. Kwa otomatiki hii yenye ovadraivu ndefu, na gari likipanda milima likiwa na mzigo, nilichukua 4.88. Ovadraivu sasa inashika kwenye miinuko ya kawaida, na loki ya torki konvata haiachii ovyo. Mwinuko mkali ukilazimisha gia ya 1.00, injini inafika 3,300 kwa kilomita 110, na hiyo ni kasi inayoifaa kwa kupanda. Anayesafiri masafa marefu ya tambarare kwa 120 na kuendelea asifike huko, 4.56 itampa utulivu zaidi.

5.13 niliiacha. Kadiri namba inavyokuwa kubwa, pinioni inakuwa ndogo, na kwenye ekseli ndogo ya mbele meno yake ndiyo ya kwanza kuvunjika ukikwama kati ya mawe.

Kabla ya kununua kuna mambo mawili ya kuangalia. La kwanza, gari la kuvuta magurudumu manne lazima libadilishwe difu zote mbili kwa pamoja. Tofauti kama 4.10 na 4.11 haina madhara, lakini 4.56 mbele na 4.88 nyuma itakaza mfumo mzima kwenye lami kavu hadi transfa (giaboksi ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma) au propela ipasuke. La pili ni keria, lile kasha linalobeba kraunwili. Kwenye ekseli za Dana 44 nyingi za zamani keria moja huishia 3.73, na ya pili huanza 3.92 kwenda juu. Ukivuka mpaka huo unahitaji keria nyingine au kraunwili nene iliyotengenezwa kuziba pengo. Kama unawaza loki ya difu (inayolazimisha magurudumu mawili ya ekseli kuzunguka pamoja), huu ndio wakati wake, kwa kuwa nyingi huchukua nafasi ya keria na kazi ya kufungua unailipia mara moja. Na kama ekseli ya mbele ina pinioni ya juu, yaani inayoingia juu ya katikati ya kraunwili, inataka seti iliyokatwa kinyume. Seti ya kawaida haitafanya kazi humo.

Ufungaji ndio unaoamua kama difu italia au itanyamaza. Nunua beringi mpya zote, sili, shimu (vipande vyembamba vya chuma vya kurekebisha nafasi) na nati ya pinioni. Kraunwili ivutwe taratibu kwa bolti zenye gundi ya nyuzi, zikikazwa kwa mpangilio wa msalaba, kisha zimaliziwe kwa spana ya torki kulingana na kitabu cha ekseli hiyo. Anza na kina cha pinioni: tumia shimu zilizotoka kama mahali pa kuanzia. Kaza beringi za pinioni hadi mzunguko wake, bila keria, uwe na ukinzani unaotajwa na kitabu. Kwa beringi mpya mara nyingi ni kati ya Nm 2 na 3.5. Kama kati ya beringi hizo kuna bushi ya kubonyea, ukizidisha usilegeze nati kurudi nyuma. Bushi ile imekwisha, weka nyingine.

Pleyi, yaani ulegevu mdogo kati ya meno ya kraunwili na pinioni, niliipima kwa geji ya saa sehemu nne za mzunguko. Kwenye Dana 44 lenga mm 0.15 hadi 0.25. Halafu paka rangi ya kupimia kwenye meno, zungusha mbele na nyuma ukiizuia kraunwili kidogo, usome alama. Ikikaa kwenye ncha za meno, pinioni iko mbali: ongeza shimu nyuma ya beringi ya ndani, mm 0.05 kwa mara. Ikizama kwenye mashina, pinioni imeingia mno: punguza. Kila ukigusa kina, pleyi inahama, kwa hiyo irekebishe upya kabla ya kusoma alama tena. Hapa ndipo fundi mwenye haraka anapoharibu kazi, kwa sababu pleyi inaweza kuwa sahihi kabisa huku alama ikiwa mbaya, na difu itaanza kulia baada ya meno kuchakaa vibaya.

Ukishusha gari chini, endesha kwa upole dakika 15 hadi 20, simama, acha difu ipoe hadi uweze kuishika kwa mkono. Rudia mara kadhaa. Usivute trela kabla ya kilomita 800, na zikifika mwaga oili yote: utaona unga laini wa chuma, na huo ni wa kawaida, lakini vipande vinavyoshikika kwa vidole si vya kawaida. Oili iwe ya daraja la GL-5, ya gia za difu. Gari lililoinuliwa likawa limegeuzwa pinioni kutazama juu, oili hukimbia nyuma na beringi ya mbele ya pinioni hukauka, hivyo jaza kupita kidogo usawa wa zamani.

Propela nayo iangalie. Kwa kilomita 110 ilikuwa inazunguka karibu 2,800 kwa dakika, kwa 4.88 inafika 3,300. Mtikisiko mdogo uliovumilika zamani utajitokeza sasa, hasa kama kuinua gari kumeongeza pembe za jointi zake. Rekebisha pembe na balansi kwanza, usilaumu gia mpya.

Spidomita iingizwe namba mpya kwa kifaa cha kuprogramu. Kama kihisi kiko kwenye transfa, inahitaji rashio na tairi. Kama kinasoma magurudumu, tairi pekee linatosha. Thibitisha kwa GPS kwa kasi mbili tofauti. Bila marekebisho hayo giaboksi ya otomatiki itaendelea kubadilisha gia kwa hesabu za gari la zamani.