Siku moja kwenye bandari kavu inayojengwa huku ikifanya kazi

Saa 11:30 alfajiri. Treni inaingia kutoka bandarini. Mabehewa 50 ya makontena hufika urefu wa mita 700 hivi, na njia ya kupakulia ikiwa fupi kuliko hapo, treni hukatwa vipande na kichwa kikashinda kikienda na kurudi. Ndiyo maana tulidai urefu kabla ya kreni. Urefu, na ardhi tambarare: mashirika mengi ya reli hayataki mteremko uzidi mita 1 kwa kila mita 400 pale mabehewa yanapoegeshwa.

Saa 1 asubuhi. Kupakua kumeanza. Kila behewa likibeba makontena mawili ya futi 20, treni moja inatushushia makontena 100 kwa mkupuo. Malori yatayachukua mawilimawili, kila lori na dereva wake, wakala wake, karatasi zake. Treni hufuata ratiba, lori hufuata simu ya tajiri. Ukiniuliza kazi yangu, ni kupatanisha hao wawili. Yadi ipo ili kumeza tofauti yao.

Saa 3. Awamu ya pili, zege linamwagwa. Nabishana na mhandisi wa mkandarasi kuhusu unene.

"Mzee, hii ni yadi, si uwanja wa ndege."

"Ndege hutua ikaondoka, kijana. Makontena yanakaa."

Makontena mengi ya futi 20 yanaruhusiwa kufika kilo 30,480 pamoja na mzigo. Ukiyapanga matatu, uzito wote unashukia kwenye pembe nne za lile la chini. Richistaka, mashine ya magurudumu ya kunyanyulia makontena, nayo ikishika kontena, ekseli ya mbele hubeba karibu kila kitu. Zege jembamba likipasuka, maji huingia chini, udongo hulainika, na hapo mashine yenyewe inaanza kuzama. Tumepima upya hadi saa 5 ikapita.

Chakula nilikula nimesimama.

Saa 8 mchana. Kikao cha geti. Wakubwa hupenda kuzungumzia kreni. Mimi napenda geti. Lori likikaa dakika 3 getini, njia moja hupitisha malori 20 kwa saa. Makontena ya asubuhi, mawilimawili, yanataka malori 50: saa mbili na nusu, kama hakuna aliyekosa karatasi. Na hakosekani. Kreni mpya haitapunguza foleni hiyo hata dakika moja. Tumekubaliana karatasi zikaguliwe kabla lori halijaanza safari, na mwenye kasoro awe na egesho lake pembeni asiwazibie wenzake. Mizani wengine walitaka iondolewe kabisa. Haiwezekani: tangu Julai 2016, kontena halipakiwi melini kwa safari ya kimataifa bila uzito uliothibitishwa.

Saa 11 jioni. Dereva ananisimamisha: "Bosi, vyoo vya awamu ya pili mmeviweka wapi?" Namwonyesha kwenye mchoro. Anatikisa kichwa, mbali mno na egesho. Ana haki. Naandika kwa kalamu nyekundu.

Saa 1 usiku. Treni inarudi bandarini, makontena mengi matupu. Gharama ya safari hiyo ipo palepale, yawe na mzigo au yasiwe nao. Kesho asubuhi nina miadi na wasafirishaji wa nafaka, na bei ninayowapelekea ni ya chini kuliko ya lori.