Mbu mzee hajulikani kwa mbawa

Ukiniona leo napasua mbu hamsini kabla ya adhuhuri kutafuta umri wao, usidhani nimezaliwa nayo.

Wiki yangu ya kwanza kwenye maabara ya Muheza, mkoani Tanga, mwenzangu mmoja alinifundisha kwa kujiamini: mbu mzee mbawa zimechakaa na tumbo limejaa damu. Nikamwamini! Siku tatu najaza daftari "mzee, kijana, mzee". Mzee wetu wa maabara alipolifungua alicheka mpaka akavua miwani. "Mwanangu, hizo mbawa zimechanwa na feni ya mtego. Na damu ni chakula cha usiku, hata kijana hula."

Aina za mbu nilizishika upesi. Jike la Anopheles, yule mbu wa malaria, vipapasio vya kandokando ya mrija wa kunyonyea ni virefu sawa na mrija wenyewe. Vya Culex ni vifupi. Kati ya Anopheles wenyewe, funestus ni mdogo, miguu myeusi. Gambiae miguu ina madoadoa. Ila gambiae, arabiensis na yule merus wa maji ya chumvi huko ufukweni, kuwatofautisha kwa macho usijisumbue. Hao tunawapima kwa PCR, kipimo cha vinasaba.

Umri ndio ulionitoa jasho. Kimelea cha malaria hukaa ndani ya mbu kama siku 10 hadi 14 kabla hajaweza kukuambukiza, kwa hiyo wa kuogopwa ni aliyeishi sana. Tulitumia njia ya mtafiti Detinova: unavuta ovari, yaani kifuko cha mayai, unaiacha ikauke, unatazama vijirija vya hewa. Asiyewahi kutaga, ncha zake zimejiviringa kama donge la uzi. Akishataga zinanyooka, hazirudi. Siku ya kuzaliwa hupati, unajua tu kataga au bado. Watafiti Gillies na Wilkes, hapahapa Muheza miaka ya 1960, walikuwa wanahesabu hadi mbu ametaga mara ngapi. Nikiwakumbuka, kiburi kinanitoka.

Maana mbu wangu wa kwanza alikatika kiuno. Wa pili utumbo wote ukatoka, ovari sikuiona. Halafu nikafanikiwa kwa kumi mfululizo, wote "wametaga", nikatembea kifua mbele. Kumbe nilichagua wenye matumbo makubwa ili nisihangaike! Mayai yakikua yananyoosha vijirija yenyewe, kwa hiyo wale hawafai kabisa. Chukua wenye tumbo tupu au waliokula sasa hivi.

Pini nayo: za maabara ziliniteleza, nikachomeka pini nyembamba ya wadudu kwenye kijiti cha mshikaki. Unakwaruza kidogo pande mbili za pingili ya pili kutoka mwisho, unavuta taratibu. Ukivuta kwa hasira, umempoteza.

Siku nilipopata ovari ishirini safi, nikazipanga kwenye vioo vya slaidi zikauke, nikaenda kwa mama wa chai kula vitumbua. Narudi, slaidi nyeupe pee. Sisimizi! Mmoja alikuwa bado anaburura kipande cha mwisho, hana hata aibu. Nililia, sifichi.

Kesho yake nikamwomba yule mama makopo manne ya maziwa, nikatia maji na mafuta ya taa ya kama buku, kila mguu wa meza ukaingia kopo lake. Mpaka leo hajapanda hata mmoja.

Yule mwenzangu wa mbawa juzi kaja kuazima makopo. Nimempa mawili. Miguu mingine miwili atajua mwenyewe.