Mwanamke peke yake Karura, na baiskeli ya kukodi

Nikipangiwa safari ya kikazi Nairobi, glavu na kaptura ya baiskeli huingia begini kabla ya nguo za ofisini. Baiskeli yenyewe naiacha Dar. Kuipandisha kwenye buti la basi mpaka Nairobi ni kuitafutia rimu iliyopinda, na Karura zipo za kukodi.

Kwa asiyeufahamu, Karura ni msitu wa zaidi ya hekta 1,000 ulio ndani ya jiji. Muthaiga iko huku, Gigiri kule, Barabara ya Kiambu inapakana nao upande wa mashariki, na Barabara ya Limuru inapita katikati na kukiacha kipande cha Sigiria ng'ambo. Ukiwa mjini kikazi unamaliza kikao, unapanda bodaboda, na muda si mrefu uko chini ya miti.

Kabla ya kulipia baiskeli ya kukodi mimi huikagua bila haraka, hata kama foleni iko nyuma yangu. Nabana breki ya mbele nikiisukuma: gurudumu ligome kabisa. Halafu ya nyuma. Nainyanyua upande wa siti, nazungusha pedali na kupitisha gia zote. Cheni ikirukaruka, naomba nyingine. Kisha tairi. Wakodishaji hupenda kujaza upepo mpaka tairi linakuwa jiwe, nalo jiwe halishiki mzizi uliolowa. Nawaomba wapunguze kidogo, mpaka kidole gumba kikibonyeza kibonyee. Siti naipandisha hadi goti linabaki limekunjika kidogo tu pedali ikiwa chini. Dakika hizo zinalipa, hasa mwezi wa nne, udongo mwekundu unapoteleza na kujaa kwenye tairi hadi halizunguki.

Kwa sisi wa pwani kuna jambo la pili: pumzi. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mapafu ya Dar yanalijua hilo kwenye kilima cha kwanza. Badilisha gia kabla ya kuanza kupanda, wakati miguu bado ni myepesi, ukae kwenye siti, uende mwendo wa kuweza kuongea. Wanaokupita kwa kasi wamezaliwa huko juu, waache waende.

Njia zenyewe si ngumu. Anayetafuta majabali na miruko ya kuvunja shingo atafute kwingine. Sehemu kubwa ni barabara za udongo kati ya mikaratusi, na vichochoro vyembamba kwenye miti ya asili, penye mizizi, kona za ghafla na miteremko ya kwenda mtoni. Hapo ndipo raha ilipo. Macho yako mbali, siyo kwenye gurudumu. Breki unazimaliza kabla ya kona, halafu unaiachia baiskeli ipinde. Ukishuka, unasogeza kiuno nyuma ya siti na kulegeza viwiko. Penye mianzi hewa inabadilika, inakuwa ya baridi na harufu ya majani mabichi, nami huwa napunguza mwendo pale bila sababu nyingine.

Napunguza pia kwa ajili ya watu. Jumapili Karura imejaa familia, wakimbiaji, watoto wanaojifunza baiskeli, mbwa waliofungwa kamba. Anayetembea ana haki ya njia kuliko mimi. Napiga kengele mapema, nasalimia, napita polepole. Na ukiona kima mmoja amevuka, subiri. Nyuma yake yupo mwingine. Juu kabisa wapo mbega, weusi kwa weupe, walioletwa kutoka Kipipiri ili warudi kuishi msitu huu.

Lakini kilichonifanya niandike ni hiki: humo ndani naendesha peke yangu. Mwanamke, mgeni, kwenye jiji kubwa, kwenye vichochoro vya msituni, na moyo umetulia. Wenyeji wa Nairobi wenye umri wangu wanakumbuka Karura ya kuogopwa, mahali ambapo hukatishi hata mchana. Na kabla ya kuwa salama, ilikaribia kutokuwepo kabisa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 vipande vya msitu vilikuwa vimeshagawiwa watu binafsi wajenge. Tarehe 8 Januari 1999 Wangari Maathai, mwanaharakati wa mazingira, alikwenda pale na wenzake kupanda mti. Wakavamiwa na kundi la walinzi wa kukodiwa, naye akapasuliwa kichwa. Damu ikimchuruzika alikwenda polisi kuandikisha malalamiko, na akaitumia damu ile ile kutia sahihi. Ilikuwa miaka mitano kabla ya dunia kumpa Nobel ya Amani.

Wengine wakaendeleza. Wakazi wa jirani waliunda chama cha marafiki wa Karura, wakashirikiana na shirika la misitu la Kenya, ukajengwa uzio wa umeme, vijana wa maeneo jirani wakaajiriwa kufanya doria. Kisha kikaja kitu kidogo ninachokipenda kuliko vyote: vibao vya namba kwenye makutano ya njia. Unabeba ramani, na popote ulipo unajua uko namba ngapi. Ukipata pancha au ukiteguka mguu, unapiga simu na kuitaja namba, basi. Siku moja nilimwuliza askari wa doria njia ya kwenda kwenye mapango waliyojificha Mau Mau. Akaniambia, "Dada, usihesabu kona, fuata namba," akanitajia zinazofuatana. Nilifika bila kumwuliza mtu mwingine.

Dar tunao msitu wa Pugu-Kazimzumbwi, pale Kisarawe, una vilima vizuri kuliko vya Karura na hewa ambayo mapafu yangu yanaijua. Lakini huko siendi peke yangu, naenda na kundi, na kila mara lazima awepo mmoja anayezijua njia. Hilo sitaki liendelee. Wenzangu wa Jumapili tumekubaliana tuanze kupita na simu, kurekodi kila makutano, tuchore ramani ya kwanza, kisha tuipeleke TFS, wakala wa misitu wa Tanzania, tukiomba ruhusa ya kusimika vibao. Mbao tutachanga wenyewe. Kama unaendesha huko na unazijua njia za upande wa Kazimzumbwi, ambako sisi ni wageni, tunakuhitaji. Tunaondoka Gongo la Mboto saa kumi na mbili asubuhi, na wanaoanza kabisa tunawasubiri kwenye vilima.