Ninavyopanga Kuni kwa Duara Zikakauka Bila Rundo Kumwagika

Marundo mengi ya kuni hayaanguki siku yanapopangwa. Huanguka baadaye, kuni zikiwa zimefika nusu ya kukauka, na hakuna aliyezigusa. Nilipoelewa sababu yake ndipo nilipoanza kupata rundo la mviringo linalosimama mpaka kuni ya mwisho iingie jikoni.

Kuni mbichi hubeba maji mengi, lakini maji ya kwanza kutoka ni yale yaliyo huru ndani ya vinyweleo vya mti, na yakitoka kuni haibadiliki umbo. Unyevu ukishuka hadi karibu asilimia 30 ya uzito wa kuni kavu, ndipo mti wenyewe unapoanza kusinyaa. Kwa urefu husinyaa kidogo mno, huwezi kuona kwa macho. Kwa unene hupungua asilimia kadhaa. Sasa fikiria ukuta wa kuni zilizolazwa, moja juu ya nyingine, kimo cha mita 2: kila moja ikipungua kidogo, ukuta mzima unashuka. Upande unaopigwa na jua hutangulia kushuka, na rundo lililonyooka kwa timazi huanza kuinama upande huo.

Kwa hiyo mimi sipangi ukuta ulionyooka. Naupanga ukiwa tayari umeinamia ndani, ili ukishuka uzidi kujibana.

Kwanza natafuta mahali penye upepo na jua, pasipotuama maji. Natandika kokoto au mawe bapa, kwa sababu kuni zikigusa udongo zinavuta unyevu na kualika mchwa. Katikati nachomeka mti mrefu ulionyooka, nafunga kamba ya mita 1 na sentimita 20, nazunguka nayo kuchora duara. Kipenyo hicho, mita 2.4, kinanitosha kwa kuni za urefu wa sentimita 40 hivi. Kimo sikiruhusu kizidi kipenyo, na mara nyingi naishia mita 2. Rundo la vipimo hivyo huchukua karibu mita 9 za ujazo, ukihesabu na nafasi za hewa zilizo kati ya kuni.

Kisha inakuja pete ya msingi, na hapa sina haraka hata kidogo. Juu ya mstari wa duara nalaza kuni zikifuata mzingo, ncha kwa ncha, mpaka pete ifunge. Safu inayofuata nailaza ikielekea kwenye kitovu, ncha ya nje ikiegemea pete hiyo na ncha ya ndani ikishuka chini. Huo ndio mwinamo, na kila safu ya juu itaurithi. Kuni iliyopasuliwa mara nyingi haina unene sawa ncha zote mbili. Ncha iliyo nyembamba naielekeza ndani, nene nje, nayo duara linajaa lenyewe. Nikipanda safu chache mwinamo hupotea kidogo kidogo, basi nalaza tena vipande vyembamba kuzunguka ukingo wa nje kuurudisha. Ukizidi mno, vipande hivyo nazungusha kwa ndani. Nautazama mwinamo kwa kulaza ubao mfupi juu ya safu: kuni ikiwekwa juu ya ubao huo haipaswi kuteleza, iwe inaelemea ndani tu.

Katikati najaza pole pole kadiri ukuta unavyopanda, na hili ndilo jambo ambalo nisingependa mtu alipuuze. Wengi husimamisha kuni wima katikati. Ni vizuri kwa hewa, kwa kuwa hupata njia ya kupita kati ya kuni hizo kutoka chini hadi juu. Lakini kumbuka: kuni iliyosimama haipungui kimo, ilhali ukuta uliolazwa unashuka. Ncha za ndani za ukuta zikikalia kuni hizo za wima, zitabaki zimeinuliwa huku ncha za nje zikishuka, mwinamo ugeuke kuelekea nje, na rundo limwagike. Kwa hiyo naacha nafasi ya upana wa kiganja kati ya ukuta na kuni za wima, na vipande visivyo na umbo navitupia katikati tu. Magome yaliyobanduka na vumbi la msumeno sitii humo, vinaziba hewa.

Kuni zenyewe napasua kabla ya kupanga, zote. Gome huzuia maji kutoka, na maji hutokea kwa wepesi zaidi kwenye ncha zilizokatwa kuliko ubavuni. Katika duara ncha moja ya kila kuni ya ukutani inatazama upepo, na hilo linasaidia sana.

Juu napunguza duara taratibu, kisha naezeka kwa vipande bapa, gome likitazama mbingu, kila kimoja kikikalia nusu ya kilicho chini yake. Turubai, kama mvua ni nyingi, inakaa juu tu. Ukifunika ubavu, unaifungia hewa nje na ukungu ndani.

Kwenye ule mti wa katikati naweka alama usawa wa paa. Rundo linaposhuka chini ya alama najua maji yanatoka kwa dhati. Kuni kavu nazitambua pia kwa nyufa za ncha, kwa wepesi, na kwa mlio mkali zikigonganishwa. Mbichi hutoa mlio mzito. Nataka unyevu uwe chini ya asilimia 20, kwa kuwa kuni yenye maji hutumia joto lake kuyachemsha kwanza na kutoa moshi mwingi.

Wakati wa kutumia naanzia juu na kuzunguka duara lote, safu baada ya safu. Sichomoi kuni ubavuni. Vipande vya paa, vilivyolowa na kukauka mara nyingi, naviweka kando viezeke rundo linalofuata.