Bakuli la bingsu hupimwa kwa maharage yake

Mvua za jangma, zile za kiangazi cha Korea, zimekatika, na sasa hapa Busan, mji wa bandari wa Korea Kusini ninakosoma, ni joto la kufukuta mchana kutwa. Mtu wa Tanga analijua joto la pwani, lakini hili la huku hukesha na wewe mpaka alfajiri. Wakorea wana siku tatu za kilele chake, Chobok, Jungbok na Malbok, zinazoangukia Julai na Agosti. Siku hizo wengi hula samgyetang: kuku mdogo mzima aliyejazwa mchele wa kunata, kitunguu saumu na mzizi wa ginseng, mchuzi ukiwa bado unatokota mezani. Wanaamini joto huondolewa kwa joto. Wakishamwagika jasho la kutosha, huvuka barabara kwenda kula bingsu.

Kwa ambaye hajakutana nayo: ni barafu iliyokwanguliwa ikawa laini, ikarundikwa bakulini, kisha ikamwagiwa na kupambwa vitu vitamu. Siku hizi aina zake hazihesabiki, ila mama yao ni patbingsu, yenye pat, yaani maharage madogo mekundu yaliyopikwa na sukari mpaka yakalegea. Wanafunzi wenzangu kutoka nchi nyingine wengi wao huyasukuma pembeni kwa kijiko, eti maharage ni mboga. Mimi sikupata shida hiyo. Nyumbani Ramadhani haipiti bila maharage ya nazi yenye sukari na iliki, na kijiko cha kwanza cha pat kilinifikia kama salamu ya mtu wa ukoo.

Ndiyo maana nashikilia hivi: bakuli la bingsu hupimwa kwa maharage yake. Barafu nzuri mashine inaweza kukupa. Embe tamu linanunuliwa. Maharage yanataka mtu wa kukaa nayo.

Kuna bibi mmoja nyuma ya Soko la Gukje ambaye ameniruhusu kumtazama akipika. Mimi humwita halmoni, yaani bibi, kama wafanyavyo wateja wake wote, naye huniita mwanafunzi. Maharage huyachemsha, na maji ya kwanza huyamwaga yote, kwa kuwa ndiyo yanayobeba ukakasi. Anatia maji mapya, anapunguza moto, anaacha yaive polepole. Sukari haigusi mpaka achukue punje moja na kuibonyeza kwa kidole gumba na cha shahada, nayo ipondeke bila kubaki kiini kigumu. Akitia sukari mapema, ganda hugoma kulainika. Mwisho kabisa hutia chumvi, kidogo tu, na hapo utamu unasimama vizuri ulimini. Punje zinabaki na umbo lake, nusu nzima na nusu zimepondeka. Hilo ndilo jambo ambalo maharage ya kopo hayawezi: yale huja kama lami, na utamu wake ni mmoja tu kuanzia kijiko cha kwanza hadi cha mwisho.

Mashine yake ni ya chuma, ya kuzungusha kwa mkono. Tofali la barafu linabanwa juu, gurudumu linazungushwa, na barafu inaanguka ikiwa na chembe unazozisikia chini ya meno. Juu yake anaweka maharage, maziwa mazito ya kopo, na vipande vya tteok, keki za mchele za kunata. Basi. Yale mapambo ya zamani ya matunda ya kopo na jeli za rangi, ambayo wengi wa hapa wanayakumbuka kutoka utotoni, yeye hayataki.

Nikiwa Seoul niliwahi kupita kituo cha treni cha Seobinggo, karibu na Mto Han, na jina hilo lina historia inayonifanya nile barafu kwa heshima kidogo. Tangu mwaka 1396, mwanzoni mwa utawala wa Joseon, ukoo wa wafalme wa Korea, palikuwa na ghala la barafu la serikali huko, na mwenzake likiitwa Dongbinggo. Katikati ya majira ya baridi mto ulipoganda, watu waliitwa kazi ya lazima kukata mapande ya barafu na kuyabeba hadi ghalani, yakahifadhiwa mpaka kiangazi. Barafu ya Dongbinggo ilikuwa ya ibada za kifalme. Ya Seobinggo ilikwenda jikoni kwa mfalme na kwa maofisa, waliopewa vibao vya mbao vya kuchukulia mgawo wao. Kinachonigusa zaidi ni kwamba sheria za Joseon ziliwataja pia wagonjwa wa hospitali ya maskini na wafungwa katika ule mgawo wa kiangazi. Mtu aliyekuwa amefungwa Julai, na mwilini mwake joto hili hili ninaloandika nalo, alikuwa na haki ya kipande cha barafu. Kule Gyeongju, si mbali na hapa, ghala la mawe la mwaka 1738 bado limesimama: chumba chenye dari ya upinde, nusu yake kimezama ardhini, na matundu juu ya kutolea hewa moto.

Barafu ya kukwangua kwa mashine na kuuzwa mitaani ilikuja baadaye, wakati wa ukoloni wa Wajapani, ambao walikuwa na kakigori yao. Wakorea waliichukua, wakaipa maharage mengi na tteok, ikawa kitu kingine.

Mageuzi makubwa ya siku zetu yalianzia hapa hapa Busan. Mwaka 2013 duka la Sulbing lilifunguliwa, na bakuli lililolipa jina ni injeolmi bingsu: barafu ya maziwa iliyofunikwa unga wa soya iliyokaangwa, pamoja na tteok zilizogaragazwa kwenye unga huo huo. Barafu yenyewe si maji tena. Maziwa yanamwagwa juu ya pipa la chuma lenye baridi kali, yanaganda papo hapo, na kisu kinayakwangua yakiwa utando mwembamba unaoyeyuka kabla hujatafuna. Naipenda sana injeolmi. Ule unga una harufu ya karanga zilizotoka kikaangoni sasa hivi, na haukufichi ladha ya maziwa. Tahadhari moja tu: usivute pumzi wakati kijiko kiko mdomoni, unga utakupalia.

Baada ya hapo mlango ulifunguka. Kuna ya ufuta mweusi, ambayo naiweka nafasi ya pili. Kuna ya chai ya kijani yenye uchungu kidogo, na hiyo inakwenda vizuri mno na maharage. Stroberi, kahawa, mtindi, biskuti za chokoleti. Ya tikiti la njano huletwa ndani ya nusu ya tikiti lenyewe, na watoto wanaipenda mno.

Halafu iko ya embe. Hoteli ya Shilla iliianzisha Jeju mwaka 2008 kwa maembe yaliyolimwa kisiwani humo, kisha ikaipeleka Seoul. Mwaka 2023 bakuli lake lilikuwa won 98,000, pesa za Korea. Mwaka uliofuata likafika won 102,000, na watu walipanga foleni. Sina ugomvi na anayeweza kulipa, na kulima embe kwenye nchi yenye theluji ni kazi ya gharama. Lakini nasikitika chakula hiki kinapogeuzwa cha kupiga picha, kwa sababu kilikwishakuwa cha kila mtu.

Bingsu huagizwa bakuli moja na vijiko viwili, vitatu, vinne. Hakuna anayegawa kwenye visahani. Mnachimba kila mtu upande wake mpaka mlima unaanguka katikati, na hapo huanza mabishano kama ichanganywe yote tangu mwanzo au iliwe kwa tabaka. Mimi ni wa tabaka: ukichanganya, maharage yanapoa na kuganda, na kazi yote ya halmoni inapotea ndani ya maji matamu. Siku hizi kuna za kikombe, za mtu mmoja, kwenye migahawa ya kahawa ya bei nafuu, na naelewa kwa nini. Wengi huku wanaishi peke yao na mfuko si mkubwa. Bado, ninapoona mtu ana kikombe na simu tu, natamani kumwambia asogee tukae meza moja.

Jumamosi rafiki yangu wa Mwanza anashuka kutoka Daejeon, mji mwingine wa huku. Keshaniomba nimpeleke kwenye ya embe, aliiona mtandaoni. Nimemwambia tutaanzia nyuma ya Soko la Gukje, saa nne asubuhi, kabla sufuria ya kwanza haijaisha.