Jinsi Nilivyolimudu Neno "Run"

Kwa kuwa kazi yangu hapa Kariakoo ni kutafsiri barua na mikataba ya wafanyabiashara wanaoagiza bidhaa nje ya nchi, nililazimika kulimudu neno la Kiingereza "run" kabla ya istilahi yoyote ya biashara, maana istilahi ukishaijua imekwisha, ilhali neno hili hugeuka katika kila aya. Wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford walipolipitia upya mwaka 2011, waliliorodheshea maana 645 likiwa kitenzi peke yake, na hivyo likalipiku neno "set", lililokuwa na maelezo marefu kuliko yote katika toleo la 1989.

Orodha ya namna hiyo haikaririki, wala sikujaribu. Kilichonisaidia ni kitenzi chetu "piga". Mswahili hupiga simu, hupiga pasi, hupiga deki na hupiga kura bila kumuumiza mtu, kwa sababu mzigo wa maana umebebwa na nomino inayofuata. Nikaanza kulisoma "run" kwa utaratibu huohuo, nikitazama kwanza maneno yanayolizunguka: nani anatenda, anatenda nini, na ni kihusishi gani kimefuata. Likifuatwa na duka au kampuni, ni kuendesha. Likifuatwa na "out of", mtu ameishiwa. Likifuatwa na "for" pamoja na cheo, anagombea. Pua ikiwa ndiyo mtendaji, inatoka makamasi. Mkataba ukiwa ndio mtendaji, unaendelea kutumika hadi tarehe iliyotajwa, na rangi ya kitambaa ikiwa ndiyo mtendaji, inachuja, jambo ambalo wauza kanga hawapendi kulisoma katika barua ya mteja kwa lugha yoyote ile.

Katika daftari langu niliandika sentensi nzima kama zilivyo kwenye barua, nikizipanga kwa mtendaji. Kamusi niliifungua baadaye, kwa kuthibitisha tu.

Likiwa nomino, neno hili bado linataka uangalifu zaidi. Katika kriketi, ambayo huchezwa pale klabu ya Gymkhana, ni hesabu ya alama. Katika habari za benki, ni wateja kukimbilia kwa wingi kutoa amana zao kwa hofu kwamba benki itafilisika. Kwa hilo la benki sijapata neno moja linalotosha, kwa hiyo huandika maelezo kamili, na kwa kuwa ninalipwa kwa ukurasa, urefu huo haujawahi kunikera.