Siku moja maishani mwangu: seva ya Wete iliyogoma kuwaka

Saa 12:30 asubuhi, Chake Chake, Pemba. Simu inaita na mkate wa mofa ungali mkononi. Ni Maalim wa skuli moja ya Wete, msimamizi wa chumba cha kompyuta.

"Mwanangu, ile seva tumeiwekea Debian jana, ikasema imemaliza salama. Leo haiwaki."

"Inaandika nini?"

"Ati haioni diski ya kuwakia."

Namwomba jambo moja tu: asiruhusu mtu kuiwekea mfumo upya mpaka nifike. Hii imekuwa dawa ya kila fundi siku hizi, mashine ikigoma, futa, anza upya. Kama ugonjwa hauko kwenye Debian, yaani mfumo endeshi wenyewe, utaukuta palepale, na ushahidi wote umeshaufuta mwenyewe.

Saa 1:40. Gari ya Wete. Karafuu zimeanikwa majamvini, harufu inaingia madirishani kuanzia Gombani. Nimebeba flashi yangu, bisibisi, spiriti na pamba.

Saa 3:00. Seva ni mtumba wa kusimama, ina diski mbili za terabaiti 4, imewekwa kwenye stoo ya vitabu. Kijana wa chumba cha kompyuta anataka kunionyesha skrini. Namwambia skrini baadaye, kwanza nisimulie ya jana.

Kazi aliifanyia chumba cha walimu. Flashi yake haikutokea kwenye menyu, akaingia kwenye bayosi, mipangilio ya mashine kabla mfumo haujawaka, akabadili ili mashine iwake kwa njia ya zamani, flashi ikatokea. Debian 12 ikaingia bila neno. Ilipomaliza akaizima, akaibeba hadi stoo.

"Waya wa umeme ulichomoa?"

"Sasa dada, ningeibebaje na waya wake?"

Hapo nikaingia kwenye bayosi. Diski zote mbili zinaonekana kwa majina na ukubwa wake, kwa hivyo kebo na kontrola hazina kosa. Nikapandisha macho kwenye saa: tarehe 1 Januari 2013, saa sita na dakika kumi usiku. Yaani mashine inahesabu muda tangu ilipochomekwa mara ya mwisho. Betri yake ndogo imekufa, na waya ulipochomolewa kila alichobadili kijana jana kilifutika. Imerudi kama ilivyotoka kiwandani: UEFI peke yake, njia mpya ya kuwasha mashine.

Saa 3:40. Kushuku si kujua. Nikarekebisha saa, nikawasha kwa flashi yangu, ambayo imeandikwa kwa UEFI, nikaingia kwenye hali ya uokoaji na kutazama diski kwa `fdisk`. Jedwali la vipande vya diski ni GPT, kama inavyotakiwa kwa diski kubwa namna hii. Lile la zamani la MBR linahesabu sekta kwa biti 32, na kwa sekta za baiti 512 linaishia terabaiti 2. Mwanzoni kuna kipande cha megabaiti 1, nafasi inayotumiwa na GRUB, programu inayoiamsha Debian, mashine ikiwaka kwa bayosi ya zamani. Kisha mfumo wenyewe, mwishoni swapu, nafasi ya akiba kumbukumbu ya mashine ikijaa. Patisheni, yaani kipande cha diski, ya FAT32 yenye faili za `.efi`, ambayo ndiyo pekee UEFI inayoitafuta, haipo kabisa.

Maalim akauliza basi kosa liko wapi, maana kila kitu kizima. Nikamwambia: mashine imesimama Mkoani inangojea jahazi, na jahazi limetia nanga Wete. Akacheka, akaelewa haraka kuliko kijana.

Njia ya mkato ilikuwa wazi: betri mpya, rudisha hali ya zamani, nenda nyumbani. Sikuitaka. Betri hizi hufa, na kwa hewa yetu ya chumvi vishikizo vyake huota kutu ya kijani. Hivi vya seva hii vilikuwa vimeshaanza. Ikifa tena likizo ya skuli, seva itagoma tena na mimi nitapigiwa simu tena. Nikaamua Debian ihamie UEFI, ili hata mashine ikisahau kila kitu, usahaulifu wake uipeleke mahali sahihi.

Saa 4:30. Nimefuta swapu, nimekata megabaiti 512 kwa ajili ya FAT32, kilichobaki kimekuwa swapu mpya. Nimeingia ndani ya mfumo kwa `chroot`, intaneti ya simu yangu, nikapakua `grub-efi-amd64` ichukue nafasi ya GRUB ya zamani. Kijana akashangaa: jana usiku, kabla ya kuizima, alipojaribu kuongeza programu, `apt` ilikataa. Namuuliza saa ilikuwa ya mwaka gani. Kimya kidogo, kisha akapiga kofi pajani. Kwa mashine iliyoko 2013, orodha za programu za leo zinatoka siku ambazo hazijafika.

Umeme ukakatika katikati ya kazi. Tangu 2010 Pemba inapata umeme kutoka Tanga kwa kebo iliyolazwa baharini, si tena mashine za dizeli za Wesha, lakini UPS, betri ya kushika umeme ukikatika, bado ni ya lazima. Yao ilishika, umeme ukarudi kabla haijaanza kulia.

Kisha sehemu ambayo wengi huisahau. Swapu mpya ina kitambulisho kipya, kwa hivyo `/etc/fstab` lazima irekebishwe, na pia faili ya `resume` ndani ya `/etc/initramfs-tools/conf.d`. Ukiiacha, seva itawaka, ila kila mara itakaa ikiingojea swapu isiyokuwepo, na watu watasema ni nzito. Mwisho `grub-install`, na nakala ya ziada kwenye `EFI/BOOT/BOOTX64.EFI`, jina ambalo UEFI hulijaribu hata kama orodha yake ya mifumo imepotea.

Saa 6:30 mchana. Adhuhuri. Baada ya sala, wali na mchuzi wa pweza kwa mama jirani wa skuli.

Saa 8:00. Kijana karudi kutoka sokoni na betri mpya, CR2032, ya shilingi 2,000. Nikamzuia asiiweke. Nimesafisha vishikizo kwa spiriti, tukachomoa waya, tukaiacha mashine bila betri kabisa, tukachomeka na kuwasha. Saa ikarudi 2013 kama nilivyotaka. Menyu ya GRUB ikatokea, Debian ikaomba jina na neno la siri. Maalim akasema "Alhamdulillah" kwa sauti ya kuamsha darasa la pili. Sasa betri, sasa saa.

Saa 9:15. Kijana anaiandika upya flashi yake kwa GPT na UEFI, mimi nimekaa pembeni mikono mifukoni. Kwenye ubavu wa seva nimebandika karatasi: inawaka kwa UEFI, tarehe ya betri, na mstari mmoja kwa kalamu nyekundu, TAZAMA SAA KWANZA.

Diski ya pili bado tupu. Nimemwambia Maalim nirudi wiki ijayo tuipange kwa nakala za akiba, kabla hawajaingiza alama za wanafunzi. Kasema alama zinaanza kuingizwa kesho. Basi nakuja kesho.